Ukaguzi wa magari makuukuu: Tukague breki kabla ya kusifu rangi

Mjadala wa ukaguzi wa lazima wa magari ya watu binafsi umerudi, na safari hii haufai kuachiwa watu wa Nairobi peke yao. Mwaka 2025 Wizara ya Barabara na Uchukuzi, pamoja na Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA), ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi na kuwaita wananchi watoe maoni. Kiini chake ni kwamba gari la binafsi lililopita miaka minne tangu kuundwa litapaswa kukaguliwa, kama inavyotakiwa kwa matatu na magari ya biashara. Msingi wenyewe si mpya. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kiliitaja miaka hiyo minne zamani. Kilichokosekana ni utekelezaji.

Kwa msomaji wa Pwani jambo hili lina uzito wake. Magari ya mitumba yanayouzwa nchini hushukia Kilindini, na kwa kiwango cha KS 1515 kinachosimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Piga hesabu mwenyewe. Gari la miaka saba linaposhuka melini, tayari limeipita ile minne. Maana yake ni kwamba magari mengi yanayonunuliwa kwenye yadi za Mombasa yatakuwa ya kukaguliwa tangu siku mwenyewe anapoyatoa pale.

Kabla ya kubishana kuhusu Probox na magari madogo ya nyumbani, tuna kipimo tayari. Pikapu huhesabiwa gari la biashara, na gari la biashara limekuwa likitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Anayetaka kujua ukaguzi wa watu wote utakuwaje kesho, na atazame ukaguzi wa pikapu ulivyokuwa jana. Mimi nimeutazama nikiwa Kitengela na Kajiado, nikiwa na pikapu kuukuu mikononi mwangu. Hapa naeleza nilichokiona na ninachokipendekeza.

Kwa nini Kajiado

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kazi ndiyo iliyonipeleka Kitengela, kama ilivyowapeleka wengi. Mji huo ulikuwa na watu wapatao 58,000 katika sensa ya 2009. Katika sensa ya 2019 walihesabiwa zaidi ya 154,000. Kaunti nzima ya Kajiado ilikuwa na watu 1,117,840. Wengi wanajenga, wanafuga, au wanafanya yote mawili. Mawe, mchanga, maji ya tangi, nyasi za ng'ombe, mbuzi wa soko la Bissil, nyanya za Isinya: vyote husafiri kwa pikapu. Ukame ulipobana mwaka 2021 na 2022, pikapu iliyobeba marobota ya nyasi ilikuwa ndiyo tofauti kati ya ng'ombe aliye hai na mzoga kando ya njia. Ukimwambia mfugaji wa huko aiegeshe pikapu yake mwezi mzima, ni sawa na kumwambia mvuvi wa Vanga avute mtumbwi pwani msimu wa kaskazi.

Watu wa mjini huuliza: mbona hawanunui mpya? Jibu ni bei, lakini si bei tu. Pikapu mpya huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Na za mtumba ni adimu kwa sababu ambayo wachache huitaja. Soko letu la mitumba hutegemea Japani, na Toyota iliacha kuuza Hilux kwa Wajapani wenyewe mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Kwa miaka hiyo yote Mjapani hakuwa na Hilux mpya ya kununua, kwa hivyo hakuwa na kuukuu ya kutuuzia. Ndiyo sababu mnunuzi mwenye fedha kidogo huishia kwenye Probox akaipakia mzigo isiostahili, au hushikilia pikapu ya babake mpaka mwisho. Pikapu za zamani za Kajiado, na zile za Kilifi na Kwale, haziko barabarani kwa kupendwa tu. Ziko kwa sababu hakuna cha kushika nafasi yake kwa bei ile.

Gari la nyumbani

Pikapu niliyonayo ni Peugeot 504, ile ambayo wazee huiita Pijo. Niliinunua kwa familia moja ya wafanyabiashara wa mifugo ambayo ilikuwa imeiegesha uani kwa miaka kadhaa. Namba yake ni ya ule mtindo wa kale, herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho. Mtindo tunaoujua leo, wenye herufi mwishoni, ulianza mwaka 1989.

Vijana wa leo hucheka wakiiona, basi wajue wanachokicheka. Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968 na mwaka uliofuata ikachaguliwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda nayo Safari Rally, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda tena kwa 504. Kabla ya hapo, kaka yake, ile 404, ilikuwa imeshinda mara nne. Mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, ilikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Zaidi ya yote, gari hili liliunganishwa humu nchini. Zipatazo 27,000 ziliundwa Kenya kwa vipande vilivyoletwa kwa makasha, na kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers cha Mombasa kilikuwa na mkono wake katika kazi hiyo. Hadi leo kiwanda hicho huunganisha Land Cruiser za pikapu na malori. Wako wazee wa Changamwe na Miritini waliolea watoto wao kwa mshahara wa kufunga skrubu za magari kama haya.

Nayasema haya si kwa kusifu ya kale. Nayasema kwa sababu sera ya magari ya zamani huandikwa kana kwamba magari hayo ni takataka tulizotupiwa na wageni. Mengine ni kazi ya mikono yetu, na ujuzi wa kuyatengeneza bado uko mikononi mwetu.

Kutu ya Pwani, jua la Kajiado

Kazi ya kuifufua ilichukua miezi mitano, kwa sababu nilikuwa nalipia kidogo kidogo. Nilianza gereji moja ya jua kali Kitengela. Fundi wa bodi alikuwa kijana wa miaka isiyozidi thelathini. Aliizunguka mara mbili, akapiga bati kwa kifundo cha kidole hapa na pale, kisha akaniambia: "Mzee, rangi naweza kukupigia leo na kesho ukaondoka. Lakini hii sakafu ukikanyaga kwa nguvu utatokea chini."

Alikuwa amesema kweli. Tulipong'oa zulia, sakafu upande wa dereva ilikuwa imekuwa kama chujio. Pikapu hii ilifanya kazi Pwani miaka yake ya mwanzo, na chumvi ya bahari haisahau. Huingia kwenye mishono ya bati, ikakaa humo na unyevu wake, ikala kutoka ndani. Kajiado ni kinyume. Hewa ni kavu, bati hudumu, lakini jua la nyanda za Kaputiei huua rangi, na vumbi husugua kilichobaki. Mipira hukauka ikapasuka. Gari likiwa limeishi kote kuwili, basi limepata maradhi ya kote kuwili.

Hapa ndipo nilipokumbuka jahazi. Wazee wa Lamu na Matondoni hawakungoja serikali iwaambie wakague vyombo. Jahazi hupandishwa mchangani maji yakijaa, likakwanguliwa chaza, mishono ikakalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta, kisha chini likapakwa deheni. Ndipo mtu akafikiria kuupaka rangi ubavu na kuandika jina. Hakuna nahodha aliyeanza na jina. Rangi haizuii maji kuingia, na msimu ukifika bahari haimuulizi mtu chombo chake kinang'aa kiasi gani.

Basi tukafuata mpango huo huo. Kwanza mihimili ya chini inayobeba sehemu ya mizigo: ikakwanguliwa, palipooza pakakatwa na kuchomelewa chuma kipya. Kuna mafundi wanaojaza tundu kwa puti na gazeti kisha wakapaka rangi juu. Kwa macho huwezi kujua. Utajua siku umepakia mifuko ishirini ya simiti na gari likajikunja katikati.

Pili, breki. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani, na gari likikaa miaka bila kutembea, maji hayo huozesha paipu na silinda ndogo za magurudumu kutoka ndani. Tulibadilisha paipu zote, mipira yote na mafuta yote. Tatu, usukani: bushi na viungo vilivyolegea, vile ambavyo humfanya dereva azungushe sterengi robo mzunguko kabla gurudumu halijasikia. Nne, matairi. Yalikuwa na meno mazuri, karibu mapya, na bado tuliyatupa. Tairi huzeeka hata likisimama. Ubavuni mwa kila tairi pana tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Msomaji, ukimaliza kusoma hapa, toka nje uangalie ya kwako.

Tano, taa, waipa, honi na mikanda ya viti. Injini ilikuja mwisho. Kabureta ilisafishwa, rejeta ikazibuliwa, waya zilizotafunwa na panya zikabadilishwa. Watu wengi huanza na injini kwa sababu inapendeza kusikia gari likinguruma. Lakini gari linaloweza kwenda na lisiloweza kusimama ni hatari kuliko gari lililokufa.

Vipuri vilitupeleka Grogan, Nairobi, kwa wanaochinja magari ya zamani. Hapo nilifahamu athari ya jambo ambalo wengi wamelisahau. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya minara ya umeme kuangushwa, na marufuku hayo yakaondolewa Mei mwaka huo huo. Vyuma chakavu hununuliwa kwa kilo na kuishia kwenye matanuri ya viwanda vya chuma. Kila gari kuukuu linaloyeyushwa ni mlango, kioo, gia na silinda ambazo hakuna atakayeziunda tena. Tunapozungumzia kuyaondoa magari makuukuu barabarani, tukumbuke pia kwamba yanalishana: moja lililokufa huponya matatu.

Rangi nayo ina mambo yake

Rangi ya pikapu hii ilikuwa ya samawati iliyogeuka kuwa kama majivu. Ukipitisha kidole, kinatoka na unga. Shauri la kwanza nililopewa na kila mtu ni kuikwangua yote na kupiga upya. Fundi wangu alikataa, nami nikamuunga mkono. Rangi za zamani zilipigwa nene, bila lile koti la juu linalong'aa kama kioo. Jua huunguza tabaka la juu tu. Ukiosha vizuri, ukasugua kwa dawa ya kung'arishia taratibu kwa mkono, chini yake hutokea rangi iliyolala miaka thelathini. Tulifanya hivyo kwenye bonneti, milango na paa. Pale palipochomelewa tulipiga msasa wa maji, tukapaka praima ya kuzuia kutu, kisha rangi iliyochanganywa kulingana na ile ya zamani. Ukitazama kwa karibu utaona viraka. Sioni aibu. Kanzu iliyotiwa kiraka bado ni kanzu, mradi ni safi.

Kubaki na rangi ile ile kulikuwa na faida ya kisheria pia. Rangi ya gari imeandikwa kwenye kumbukumbu za usajili, na anayeibadilisha hutakiwa kuiarifu NTSA ili kumbukumbu zirekebishwe. Wengi hupaka kwanza, wakagundua baadaye kwamba gari lililo barabarani silo lililo kwenye karatasi.

Jambo moja la rangi linanisumbua hadi leo. Rangi za kisasa za magari, zile zinazochanganywa na dawa ya kugandisha, zina kemikali za jamii ya isosayaneti zinazojulikana kusababisha pumu kwa anayezivuta hewani. Nilichoona Kitengela, na ambacho nimewahi kuona Mombasa, ni vijana wanaopuliza kompresa saa nzima wakiwa wamefunga kitambaa tu puani. Tunaandika kanuni ndefu kuhusu gari linalotoka gereji. Kuhusu pumzi ya kijana anayebaki ndani ya gereji hatusemi mengi.

Stika bila gari

Sasa tuje kwenye ukaguzi wenyewe. Tulipokuwa tukimalizia, dalali mmoja asiye na ofisi alinifuata gerejini akaniambia nisijisumbue: nimpe fedha na namba ya gari, naye ataniletea cheti, pikapu ikiwa papo hapo ilipo. Nilimkatalia, nikaipeleka mwenyewe ikakaguliwa. Lakini maneno yake hayakumshtua mtu yeyote pale. Mwenye pikapu jirani alicheka akasema, "Sasa wewe utaenda kupiga foleni ya nini?"

Hilo ndilo somo la pikapu. Imekuwa ikitakiwa kukaguliwa kila mwaka, na bado pita barabara ya Namanga asubuhi ya siku ya mnada uhesabu taa za nyuma zisizowaka na matairi yaliyo kipara. Kama ukaguzi ulikuwa unafika kwenye breki, tungeliona. Unachofika mara nyingi ni kwenye karatasi. Na ukaguzi wa karatasi ni mbaya kuliko kukosa ukaguzi kabisa, kwa sababu humpa mwenye gari bovu cheti cha kujitetea.

Tumeshapita njia hii. Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda kwenye matatu, vidhibiti mwendo, sare za madereva na makondakta. Matatu zilikaa nyumbani, watu wakatembea kwa miguu, kisha nidhamu ikaonekana barabarani hata waliolalamika wakasifu. Baada ya miaka michache mikanda ikawa kamba chafu zisizofunga, na vidhibiti mwendo vikawa vitu vya kuchezewa. Kanuni hazikuwa mbaya. Kilichofifia ni jicho la kuzifuatilia.

Hoja za pande mbili

Serikali ina hoja, na tusiipuuze. Takwimu za NTSA zinaonyesha watu 4,324 walifariki katika ajali za barabarani mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Hao si namba. Ni majirani, na wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu. Ni kweli lawama kubwa ya ajali huangukia mwenendo wa madereva kuliko ubovu wa gari. Lakini dereva aliyekosea hupata nafasi ya pili akiwa na breki nzuri, na mtoto anayevuka barabara naye huipata pamoja naye.

Wenye magari nao wana hoja. Wana kumbukumbu ya Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi 100,000. Kiwango hicho cha chini kingemuumiza zaidi mwenye gari bovu kabisa, na kile cha juu kingempunguzia mzigo mwenye gari la fahari. Mswada uliondolewa Juni 2024 baada ya maandamano, lakini mwezi uliofuata ushuru wa ukarabati wa barabara ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita ya mafuta. Mtu aliyepitia hayo akisikia "ukaguzi wa lazima" husikia "ada nyingine". Hawezi kulaumiwa kwa masikio yake.

Majirani wanatufundisha pia. Uganda ilianzisha ukaguzi wa lazima kwa mkataba na kampuni ya SGS ya Uswisi, na mwaka 2017 Bunge lao likaupinga mpango ukasimama. Kupinga kule hakukuwa kwa kuchukia usalama. Watu hawakuridhika na jinsi mkataba ulivyopatikana na gharama alizobebeshwa mwenye gari. Uingereza nayo imekuwa na ukaguzi tangu 1960, na siku hizi gari huanza kukaguliwa likifika miaka mitatu. Lakini tangu Mei 2018, gari lililozidi miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana limesamehewa ukaguzi huo wa kila mwaka, ila mwenyewe bado anabeba jukumu la kuhakikisha ni salama. Msamaha huo siutaki kwetu. Magari ya zamani ya Uingereza hutoka Jumapili kwenda maonyeshoni. Ya kwetu hubeba mizigo Jumatatu hadi Jumatatu. Ninachokichukua kutoka kwao ni jambo moja: umri wenyewe si kosa. Kosa ni hali ya gari.

Ninachopendekeza

La kwanza, kanuni zitaje wazi vitu vinavyoua, na vipewe uzito wa kwanza: breki, usukani, matairi, taa, mikanda, na uimara wa bodi na mihimili. Rangi iliyofifia, mkwaruzo na bonneti ya rangi nyingine visiwe sababu ya kuangusha gari. Ukiruhusu askari au mkaguzi amsumbue mtu kwa rangi, umemfungulia mlango wa hongo na umemfundisha mwenye gari kutumia fedha mahali pasipofaa. Fedha iliyokwenda kwenye rangi ni fedha iliyotoka kwenye breki.

La pili, ukaguzi ufuate watu. Mfugaji wa ndani ya Kajiado kufika kituo ni safari ya siku nzima na mafuta ya kulipia. Kwa mkaazi wa Hola au Mpeketoni safari ni ndefu zaidi. Vituo vya kuhama, vinavyofika siku za mnada kwa ratiba inayotangazwa mapema, vingefanya kazi kubwa. Rasimu inafungua nafasi kwa vituo vya binafsi vyenye leseni. Sawa, lakini vituo hivyo vitakwenda palipo na magari mengi. Nyali itapata vitatu, Lamu haitapata hata kimoja, isipokuwa kanuni ziseme vinginevyo.

La tatu, gari likianguka, mwenyewe apewe orodha iliyoandikwa ya kasoro, muda wa kuzirekebisha, na kurudia ukaguzi wa kasoro hizo bila kulipa upya. Lililo na hatari ya papo hapo lisimame papo hapo. Lililo na taa moja iliyoungua lipewe siku chache. Mtu akipewa njia ya kufuata sheria kwa gharama anayoimudu, wengi wataifuata. Akipewa adhabu tu, atamtafuta yule dalali.

La nne, matokeo yawe wazi. Kila kituo kitangaze kimekagua magari mangapi na yameanguka mangapi. Kituo ambacho hakuna gari linaloanguka si kituo kizuri. Ni duka la stika. Picha ya gari likiwa kituoni, yenye saa na mahali, iunganishwe na cheti. Simu zetu zinaweza hilo leo.

La tano, na kwangu hili ndilo kubwa, watambuliwe mafundi. Aliyeiokoa pikapu yangu hana cheti chochote. Alijifunza kwa mjomba wake tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA) ina mitihani ya madaraja kwa mafundi, na nchi ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila kupitia darasani. Basi serikali za kaunti za Kajiado, Mombasa, Kilifi na Kwale zilipie mitihani hiyo kwa vijana wa gereji, pamoja na barakoa za kufaa za wapiga rangi. Fundi mwenye daraja lake na jina lake ataogopa kuziba tundu kwa gazeti. Ukaguzi wa kweli huanzia mikononi mwake, miezi mingi kabla gari halijafika kwa mkaguzi.

Yetu sisi

Upo uhusiano wa zamani kati ya Kajiado na Pwani. Reli ya magadi hutoka Magadi, ikapita Kajiado hadi Konza, na magadi yakashuka mpaka bandarini Mombasa. Magari yaliyoundwa kwetu yalipanda juu kuwatumikia watu wa huko. Sasa kanuni moja inakuja kutukuta sote, wao na vumbi lao, sisi na chumvi yetu. Chumvi hiyo ni sababu ya kuutaka ukaguzi zaidi kuliko wao. Gari la Pwani huoza pasipoonekana, na bati la Likoni lililopakwa rangi nzuri linaweza kuwa limebaki jina.

Kwa hivyo nawaomba wasomaji wa ukurasa huu wasiingie katika mjadala huu kwa kauli mbili tu, ya "wanatunyonya" na ya "magari mabovu yaondolewe". Waulizeni wabunge na wawakilishi wenu wa wadi mambo ya vitendo. Kituo cha karibu kitakuwa wapi? Ada ni kiasi gani, na gari likianguka nitalipa tena? Nani atamkagua mkaguzi? Fundi wa mtaani kwetu atafaidika vipi? Wakikosa majibu, waambieni warudi na majibu kabla ya kupitisha.

Na wakati tunangoja, hakuna anayemzuia mtu kuinama chini ya gari lake mwenyewe. Kagua paipu za breki na tarakimu za tairi, kisha mwombe fundi aigonge sakafu kwa bisibisi. Ikitoboka, fedha ya rangi uliyokuwa umeiweka, mpe wa kuchomelea.